Bakuli la Tatu Lilikuwa na Moshi

Hebu mwone anavyokuja. Barabara ya kwenda kiwandani imelowa, mvua imeacha vidimbwi vyekundu kila mahali, na pande zote mbili michai imechumwa ikawa sawa juu kama kichwa cha mtoto anayerudi shule. Mwanamke anapanda mlima polepole. Miguuni ana gamboti za mpira za mtu mwingine, kubwa, zinazolia kwap, kwap kila anapokanyaga. Mkononi ameshika mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko mna viatu vyeusi vya kuazima. Midomo yake haitulii. Ukimsogelea utamsikia akisema peke yake: "Nimefanya Nandi, mwaka mmoja. Kuonja chai. Kule Nandi. Mwaka mmoja."

Nandi hajawahi kufika.

Huyo ni Chepngeno, binti ya Johana na Bilhah wa Sigor, na mwaka huo ulikuwa wa tisini na sita. Kwetu jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa wakati ng'ombe wamepelekwa kulamba chumvi, ndiyo maana watu walizoea kumtania kwamba ulimi wake ulianza kazi siku ile ile aliyozaliwa. Alicheka tu. Hakujua kwamba siku moja ulimi huo ungempandisha mlima huu kwenda kuomba kazi.

Sigor si nchi ya chai. Huko ni mahindi, ng'ombe na jua. Majani ya chai hutoka dukani yakiwa kwenye pakiti, na kwa hiyo wenyeji wa huko huyaheshimu kuliko sisi tunaoyaona kila tukifungua dirisha. Na nyumbani kwa Bilhah heshima hiyo ilikuwa na sheria. Mgeni hakatai kikombe. Habakishi kitu ndani yake. Hafyonzi kwa kelele kama ndama. Na hata chai ikiwa imeungua, anasema ni tamu, kwa maana aliyeipika amekuinamia motoni.

Chepngeno aliwahi kuivunja sheria hiyo, akiwa mdogo. Walikuwa wametembelea nyumba ya mchungaji, na mke wa mchungaji, kwa haraka zake, akatia chumvi mahali pa sukari. Mtoto akaonja, akatema palepale sakafuni. Mama yake alimfinya chini ya meza, akainua kikombe chake mwenyewe, akanywa mpaka mwisho, akasema, "Asante, ni tamu." Njiani wakirudi ndipo alipofungua mdomo.

"Kutema ni kwa wazee, wakibariki watu. Wewe ni mzee?"

"Hapana, mama."

"Umembariki nani pale?"

Ni kweli, mzee wetu akimbariki mtu hunywa maziwa kidogo, akamrushia kifuani kwa mdomo, na mtu huondoka akifurahi. Lakini kijana kutema alichopewa? Hilo Chepngeno hakulirudia tena maishani.

Sasa tumrudie akiwa mtu mzima. Alikuwa na binti, Shirley, na baba ya mtoto alikuwa amekwenda zake. Huyo tumwache huko huko aliko. Chepngeno alipata kazi ya kupika chai katika hoteli ya Mama Rebeccah, kibanda cha mabati karibu na geti la kiwanda, mahali madereva wa malori ya majani hupumzika. Alilala nyuma ya kaunta, juu ya magunia ya unga. Mama Rebeccah hakutaka mtoto pale, moto uko chini na mafuta ya mandazi yanachemka, na huwezi kumlaumu. Kwa hiyo Shirley alikaa Sigor na nyanya yake, na mama yake alimwona mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi mmoja alifika, akamkuta Shirley uani. Mtoto alimtazama, akageuka, akapiga kelele kuelekea jikoni: "Mama! Chepngeno amekuja!"

Aliyeitwa mama alikuwa Bilhah.

Nadhani hapo ndipo hadithi hii ilipoanza, wala si pale kwenye mlima. Kwa sababu aliporudi hotelini, dereva mmoja alisema kiwanda kinatafuta mtu wa chumba cha kuonja chai, na kwamba kazi hiyo ina nyumba kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, vyumba viwili, mlango wako mwenyewe. Chepngeno hakusikia neno lingine lolote zaidi ya mlango.

Alimwendea rafiki yake Wanjuhi. Baba yake Wanjuhi, Mzee Joram, alikuja huku zamani kutoka Nyeri akafungua duka la misumari na mabati, na Wanjuhi alikuwa na meza yake ya taipureta kwenye kona ya duka hilo hilo.

"Uko na eksipiriensi gani?" Wanjuhi aliuliza, vidole tayari.

"Ya kupika chai."

"Hiyo si eksipiriensi. Hiyo ni maisha."

"Basi andika hivyo hivyo."

"Nikuandikie maisha? Sikiza, Mama Shirley. Hao watu hawatafuti mwenye atajifunza. Wanatafuta mwenye ameshajua. Tuseme umefanya mwaka mmoja mahali. Mwaka ni kitu kidogo, hakuna mtu ataushikilia."

"Mahali gani?"

"Mbali kidogo. Nandi."

"Nandi wako na chai?"

"Wewe! Na usiwaulize hivyo kwa intaviu!" Walicheka mpaka Mzee Joram akachungulia. Kisha Wanjuhi akawa hachezi tena. "Wakikuuliza unajua hiki, sema ndio. Kile, ndio. Baba alifungua duka hili hajui kupiga msumari bila kujipiga kidole. Tungekuwa tunangoja tujue kwanza, nani angekula?"

Usimchukie Wanjuhi. Ndiye aliyemwazima vile viatu.

Basi, Chepngeno akafika getini. Askari, mzee mmoja anaitwa Isaiah, aliyekuwa mteja wake wa kila siku pale hotelini, alimtazama akibadilisha viatu huku amejishikilia kwenye nguzo.

"Chamgei, Mama Shirley. Leo umekuja kunywa ya kwetu?"

"Nimekuja intaviu. Nichungie hizi gamboti."

"Gamboti zitakuwa salama. Wewe ndiye sijui." Akacheka, akamfungulia.

Alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kuonja. Ndani alikuwa kijana mmoja, Eugene, aliyesomea mambo ya kilimo. Mlango ulikuwa umefungwa lakini sauti zilipita. Fssrrup! Halafu kimya. Halafu ptuu! Tena fssrrup! Tena ptuu!

Maskini, Chepngeno aliwaza, chai imempalia. Ilipoendelea akaacha kumhurumia. Kijana wa watu, amesoma vile, na anakunywa kama ndama mbele ya wakubwa! Akajua kwamba kazi hiyo Eugene ameshaikosa. Akanyoosha sketi yake, akatulia kidogo.

Eugene akatoka, naye akaitwa. Chumba kilikuwa cheupe, meza ndefu imewekwa mabakuli meupe kwa mstari, chai nyeusi ndani yake, bila maziwa, bila sukari. Chini palikuwa na chombo kirefu cha bati, kama ndoo iliyonyooshwa shingo. Dirishani alisimama meneja, Bwana Ogola, na tai yake. Mezani alikuwa mzee mpole wa Kisii, meno yamekuwa kahawia kwa chai ya miaka mingi, naye ndiye Bogonko, mwonjaji mkuu.

"Umewahi kuonja chai wapi?" aliuliza meneja.

"Nandi. Mwaka mmoja."

"Kiwanda gani?"

"Kile kikubwa."

Bwana Ogola akaitikia kwa kichwa, maana kule viwanda vikubwa havikosekani. Bogonko alisukuma bakuli la kwanza mbele, akaweka kijiko kando yake, akasema, "Haya, karibu."

Neno hilo ndilo lililomponza. Mtu akikuambia karibu, na chai iko mbele yako, wewe ni mgeni wake. Chepngeno alikiona kijiko akakiacha. Alishika bakuli kwa mikono miwili, akanywa taratibu bila sauti, kali ile, mpaka akaona chini ya bakuli. Akaliweka polepole.

"Asante. Ni tamu."

Bogonko akakisogeza kile chombo cha bati kwa mguu, kikaja karibu na Chepngeno. Chepngeno akadhani kinamzuia mzee kukaa vizuri. Akainama, akakibeba, akakiweka ukutani huko mbali.

"Asante," akasema Bogonko.

Bakuli la pili likaenda kama la kwanza. Machozi yalianza kumtoka kwa ukali wa chai. Akachukua la tatu. Hapo, hata kabla haijafika kooni, akaijua. Moshi. Si moshi wa kuni kavu, ambao hupita tu, bali ule wa kuni mbichi, unaorudi ndani na kukaa. Kule hotelini alikuwa akirudisha mzigo mzima wa kuni kwa sababu yake. Alimtazama Bwana Ogola pale dirishani. Huyo ndiye mwenye boma. Chai ni yake, nyumba ni zake, na ule mlango ni wake.

Akanywa ikaisha.

"Hii nayo?" aliuliza Bogonko.

"Tamu pia. Asante."

Mzee akavuta kiti, akakaa. "Mama, kule Nandi mlikuwa mnameza?"

Chepngeno akamkumbuka Wanjuhi. "Ndio."

"Zote?"

"Ndio."

"Na usingizi mlikuwa mnapata?"

Bwana Ogola akacheka kwa pua. Kicheko kile ndicho kilichomfanya Chepngeno ageuke, akakiona chombo pale ukutani, mdomo wake umelowa chai ya waliomtangulia, na zile sauti za mlangoni zikamrudia moja moja. Fssrrup. Ptuu. Aliona joto likipanda kutoka shingoni mpaka masikioni.

Bogonko yeye hakucheka. "Mimi nakujua," akasema. "Nakunywa chai yako pale kwa Rebeccah. Nilikunywa mwaka jana na mwaka juzi. Sasa huko Nandi ulikuwa ukienda saa ngapi?"

Chepngeno akalisogeza bakuli tupu kando, na mzee akaendelea.

"Niambie tu jambo moja, uende. Madereva wako wamekaa kwenye benchi wanangoja. Ungewapa hii ya tatu?"

Fikiria alipokuwa. Akisema ndio, labda aibu itaishia pale. Akisema hapana, anamtukania mtu chai yake, ndani ya nyumba yake, mbele ya uso wake, jambo ambalo mama yake alimfinya kwa sababu yake akiwa hajaota meno yote ya pili.

"Hapana," akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Ina moshi. Ningeimwaga nyuma ya jiko nipike ingine. Na Nandi sijawahi kufika."

Bwana Ogola akatoka dirishani, akaja mezani. Hakuwa mtu mbaya, na aliyoyasema nimeyafikiria sana tangu niliposimuliwa.

"Ngoja, mama. Umetuambia Nandi, tukakubali. Umetuambia tamu. Sasa hivi unatuambia moshi. Mwonjaji hana mashine. Tunachomlipia ni neno lake, basi. Sasa hayo maneno yako, nishike lipi niache lipi?"

Chepngeno alitazama viatu vya Wanjuhi.

"La Nandi nilidanganya," akasema. "La tamu sikudanganya. Nilikuwa nawaheshimu."

Aliaga, akatoka, akavaa zile gamboti getini. Isaiah alitaka kumtania, akamwona uso, akamfungulia tu.

Wanjuhi ndiye hakunyamaza. "Ulisema ukweli? Kwa intaviu? Mama Shirley, intaviu si kanisa!" Halafu alipoona rafiki yake analia, akaketi naye nyuma ya mabati ya duka, akamwambia, "Pole. Mimi ndiye nilikutuma Nandi bila nauli," na wakacheka huku mmoja bado analia.

Siku chache baadaye dereva wa lori alileta habari pale hotelini. Kazi ya kuonja amepewa Eugene, na kwa haki, kijana alijua kazi yake. Lakini mzee Bogonko anatafuta mtu wa kuosha bakuli na kuchemsha maji. Amemtaja yeye, na meneja amekubali kwa shingo upande. Kazi hiyo haina nyumba. Ina kitanda tu, katika chumba cha kina dada wengine, na watoto hawaruhusiwi.

Alikwenda. Na kwa zaidi ya mwaka aliosha bakuli, akaendelea kwenda Sigor mwisho wa mwezi kama mgeni. Mimi husema hivi, ingawa yeye mwenyewe hapendi nikisema: ule mwaka wa uongo aliufanya baadaye kwa ukweli, na aliyeulipia zaidi ni mtoto. Angesema tangu mlangoni "mimi ni mpishi wa hoteli, nifundisheni," huenda wangemwajiri. Huenda pia wangemrudisha getini kabla hajaonja hata tone. Wanjuhi hushikilia hilo la pili mpaka leo, na sina la kumjibu.

Pale kiwandani walimpa jina. Mama Nandi. Wafanyakazi wapya walidhani ametoka huko, wakamsalimia kwa lafudhi ya huko, naye akaitikia tu.

Bogonko alimfundisha akishamaliza kuosha. Kwanza kufyonza, mpaka chai ipige paa la mdomo na harufu ipande puani. Hilo lilikuwa rahisi. Kutema ndiko kulikomshinda. Mara ya kwanza aligeuka, akawapa wote mgongo, akatema, akasema "samahani" kwa ukuta. Walicheka sana, hata Eugene alikaa chini kwa kicheko.

"Sasa, ikoje?" aliuliza mzee.

"Si mbaya sana."

"Sikuulizi kama ni jirani mwema. Nakuuliza ikoje."

"Imekaa sana kabla ya kukaushwa. Imechoka."

"Eeh. Sasa umeniheshimu."

Neno hilo alilichukua akalala nalo. Alikuwa amezoea kwamba heshima ni kumwachia mtu uso wake. Hapa kuna mzee anasema heshima ni kumwambia, mapema, kabla chai haijaenda mnadani Mombasa ikawaaibisha wakulima wote wa mlima huu. Hakuamua ni ipi iliyo sawa. Alijifunza tu kubadilisha, kama anavyobadilisha gamboti na viatu getini: ukipita huku, ya huku, ukirudi nje, ya nje.

Eugene alipohamishiwa kiwanda kingine, Bwana Ogola aliingia asubuhi moja, akaonja bakuli moja, akakunja uso, akasema bila kumtazama mtu, "Muulizeni Mama Nandi." Aliulizwa. Akafyonza, akatema mbele yao wote bila kugeuka, akasema chai haina kosa, ila meneja amekula kitunguu. Bwana Ogola akajinusa mkono, na yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Hivyo ndivyo alivyopewa kazi ya Eugene, akaupata mlango wake.

Alikwenda Sigor kumchukua Shirley siku ya mvua. Bilhah alikuwa amefunga nguo za mtoto kwenye leso, akazifungua, akazifunga tena. Alitoa vile vikombe vya maua ambavyo huvitoa kwa mchungaji peke yake. Kuni zilikuwa zimenyeshewa, na alikaa jikoni muda mrefu, na alipotoka macho yalikuwa mekundu; ya moshi au ya kitu kingine, sijui, na Chepngeno hakuuliza. Akamimina. Akampa bintiye kikombe, akakaa mbele yake, mikono magotini.

"Wanasema siku hizi wewe ndiye unaambia wakubwa chai yao ni mbaya," Bilhah akasema. "Sema basi. Yangu ikoje?"

Chepngeno akanywa. Moshi. Kuni mbichi, ule ule wa bakuli la tatu, umekaa ndani ya maziwa hautoki.

Mama yake alikuwa anangoja, na kwa sauti yake hukuweza kujua kama anatania au anauliza kweli. Shirley alikuwa amesimama mlangoni, mzigo wake kichwani, anautazama mdomo wa mama yake aone utasema nini.

Nimewasimulia wengi habari hii, na kila nikifika hapa wanagawanyika, wengine hata wanakasirikiana. Sasa wewe, kikombe kile kingekuwa mikononi mwako, mtoto anakutazama, ungemjibu nini yule mama?